Ukuta una jina, mtoto hana: deni la wapiga foto wa nyeusi na nyeupe mjini Bukavu

BUKAVU – Foto yenyewe ni nzuri. Hilo lisemwe kwanza, ili mtu asidhani kwamba hapa kuna wivu. Ni foto ya nyeusi na nyeupe, iliyopigwa kwa filamu ya zamani, ile ya kuzungusha ndani ya kamera, ambayo mafundi wa Kadutu walikuwa wanaiita pelikile. Inaonyesha nyumba moja ya wakati wa Wabelgiji kando ya avenyu Patrice Lumumba: kona ya mviringo, baraza refu, mistari mitatu iliyochorwa ndani ya saruji chini ya paa. Jua la asubuhi linapiga ukuta. Kila ufa unaonekana, na hata msumari wa bango lililoondolewa zamani unaonekana. Kwenye ngazi, chini kabisa, mama mmoja ameketi, na pembeni yake kuna mtoto mwanaume.

Maandishi chini ya foto yanataja mtindo wa nyumba: Art Deco. Yanataja muongo ambamo ilijengwa. Yanataja jina la mji na jina la yule aliyepiga. Juu ya wale wawili wa kwenye ngazi kuna neno moja tu: wakimbizi.

Mama huyo alifika Bukavu mwaka 2024 akitokea upande wa Minova, kwa mashua, na vitu vyake ndani ya kitenge kimoja. Familia moja ya Kadutu ilimpokea. Mwezi wa pili mwaka 2025, vita ilipofika Bukavu na watu wengi wakashika njia ya Kamanyola kwenda Uvira, mtoto alimponyoka mkononi ndani ya msongamano. Alikuwa na miaka tisa. Simu ya mama ilinyang’anywa njiani, na foto zote za mtoto zilikuwa ndani ya ile simu. Kwa hiyo foto ya nyumba ya Art Deco ndiyo foto pekee ya mtoto ambayo mama anajua kwamba ingali ipo duniani.

Kijana wa kartie ndiye aliyeiona kwenye mtandao na kumpelekea.

«Mama, huyu si wewe?»

«Ni miye. Na huyu ni mutoto wangu.» Akaikuza kwa vidole viwili, akaikuza tena. «Lakini juu ya nini walimufunika uso?»

Hakuna aliyemfunika. Uso wa mtoto ni doa jeusi kwa sababu aliyepiga foto alipima mwanga wa ukuta.

Jambo hili linahitaji kuelezwa polepole, maana wapiga foto wanapenda kujificha nyuma ya ufundi, kana kwamba kamera ndiyo iliyoamua. Kipimo cha mwanga hakijui ukuta wala mtu. Kinaangalia kilicho mbele yake na kutaka kila kitu kitoke kijivu cha katikati, si cheusi si cheupe. Ukikielekeza kwenye ukuta mweupe unaopigwa na jua, kinasema mwanga umezidi, funga. Ukifunga, ukuta unatoka safi. Lakini mtu mweusi aliyeketi kivulini anakuwa amenyimwa mwanga mara mbili: kwanza na kivuli, kisha na fundi. Na filamu ya nyeusi na nyeupe haina huruma juu ya hilo. Mahali ambapo mwanga haukufika, negatifu inabaki tupu, wazi kama kioo cha dirisha. Hakuna dawa itakayoweka pua na macho mahali ambapo hayakuandikwa.

Upande wa mwanga mambo ni tofauti. Ukuta uliopata mwanga kupita kiasi unaokolewa kwa sehemu kubwa ndani ya chumba cha giza. Fundi anafupisha muda wa kuosha filamu, au wakati wa kuchapa anauacha ule ukuta chini ya taa muda mrefu kidogo huku sehemu nyingine ameifunika kwa mkono. Ndiyo maana kanuni ya zamani ya kazi hii, inayofundishwa kila mahali palipo na chumba cha giza, inasema: pima mahali penye kivuli, kisha uoshe ukifikiria mahali penye mwanga. Yaani aliye gizani ahudumiwe kwanza. Mtu anayenunua filamu leo, anayejua aina ya dawa na dakika za kuosha, anaijua hiyo kanuni. Hakukosea kwa kutojua. Alikuja kupiga ukuta, na ukuta ndio alioupata.

Mafundi wa studio za zamani hawakuwa malaika, lakini walikuwa na mteja. Mama aliyevaa kitenge kipya kwa ubatizo wa mtoto wake hangekubali kutoka kama kivuli, na fundi aliyemtoa hivyo angerudia kwa karatasi yake mwenyewe. Kule Kinshasa, Jean Depara, mzaliwa wa Angola aliyefariki mwaka 1997, alipiga foto za nyeusi na nyeupe usiku ndani ya baa, miaka ya 1950 na 1960, mahali ambapo hakuna jua wala dirisha. Vijana waliovaa kama wachunga ng’ombe wa sinema za Marekani, wanawake wa mjini, wanamuziki: nyuso zinaonekana. Alitumia taa ya kamera, na taa aliielekeza kwa watu. Ukuta wa baa ukipotea gizani, nani angelia?

Wapenzi wa nyumba za Bukavu watajibu kwamba nyumba nazo ni historia, na kwamba zinaanguka. Ni kweli. Mji huu, ulioitwa Costermansville wakati wa ukoloni, una nyumba ambazo watu wa mbali wanakuja kuziangalia, na kila mwaka kuna baraza linalobomolewa ili kuweka duka, na kuna kona ya mviringo inayofunikwa kwa bango la kampuni ya simu. Anayezipiga foto anafanya kazi inayofaa. Filamu ya nyeusi na nyeupe inazifaa pia: inaondoa rangi za mabango na kuacha umbo, mstari, kivuli cha baraza saa nne asubuhi. Hakuna ugomvi hapo.

Ugomvi unaanza pale ambapo historia ya nyumba inaelezwa bila watu wake. Zile nyumba zilijengwa kwa ajili ya Wazungu. Mfanyakazi mweusi alikuwa na makao yake Kadutu, na usiku hakuruhusiwa kutembea ovyo ndani ya mji wa Wazungu bila karatasi. Waliochanganya saruji, waliobeba mawe kutoka chini hadi juu ya vilima hivi, majina yao hayako kwenye kibao chochote cha mlangoni. Mwaka ile nyumba ilipokamilika, mama wa Minova hangeketi kwenye zile ngazi na mtoto wake. Angefukuzwa, au angepita nyuma, mlango wa jikoni. Leo ameketi hapo, amechoka, hana nyumba, lakini ameketi mbele. Habari ilikuwa pale, mita nne kutoka kwenye lenzi. Mpiga foto akaona mapambo.

Kuna wanaofanya ubaya zaidi: wanawaomba watu waondoke ili ukuta utoke «safi». Wauza ndizi wanasogezwa, mama wa mkaa anaambiwa asubiri upande wa pili, na katikati ya mji uliojaa watu hadi kwenye mifereji panatokea foto ya barabara tupu kama siku ya amri ya kutotoka nje. Mtu aliyeko Brussels akiiangalia ataamini kwamba Bukavu ni mji mzuri ambao watu wake wamehamia mahali pengine.

Jambo la kuandika aina ya mtu badala ya jina lake halikuanza jana. Kati ya vita viwili vya dunia, Mpolandi mmoja aliyeitwa Casimir Zagourski alikuwa na studio Léopoldville. Alizunguka Congo na nchi za jirani, akatoa kadi za posta za nyeusi na nyeupe, mkusanyo mzima alioupa jina la Afrika inayotoweka. Zile foto zimepigwa kwa ustadi mkubwa. Chini yake ameandika kabila. Karibu miaka mia imepita; kabila limeondolewa, «mkimbizi» limewekwa, na mtu bado anasubiri jina lake.

Na asije mtu akasema kwamba wakati ule haikuwezekana. Mwaka 1904, kule Baringa, ndani ya eneo la kampuni ya mpira ya ABIR, mmisionari Mwingereza Alice Seeley Harris alimpiga foto baba mmoja aliyeketi barazani, akiangalia mkono na mguu wa binti yake, vilivyokatwa na walinzi wa kampuni. Ni foto ya nyeusi na nyeupe, ni mtu pamoja na baraza la nyumba, kama ile ya Bukavu. Lakini yule baba anajulikana: ni Nsala, wa kijiji cha Wala. Binti yake aliitwa Boali. Foto hiyo ilizungushwa ndani ya mikutano Uingereza na Marekani, na ilikuwa kati ya mambo yaliyomshinda mfalme Leopold kuyakanusha, hadi Congo ikatoka mikononi mwake mwaka 1908. Zaidi ya miaka mia baadaye, mtoto wa Congo anaweza kumtaja Nsala. Aliyeshika kamera alikuwa pia na mwenzake aliyeshika kalamu.

Watu wa Goma wana mfano wa karibu zaidi. Mwaka 1994, mamia ya maelfu ya watu kutoka Rwanda walivuka mpaka ndani ya siku chache, kipindupindu kikawaua wengi, na maelfu ya watoto wakabaki peke yao. Wafanyakazi wa mashirika waliwapiga foto mmoja mmoja, kila mtoto na namba yake, na nyuma ya namba kulikuwa na karatasi yenye jina, kijiji, jina la baba kama mtoto alilikumbuka. Foto zikabandikwa kwenye mbao, watu wakapita mbele yake wakitafuta. Zile hazikuwa foto za kupendeza. Hakuna aliyezungumzia mstari wala kivuli. Uso umeelekea mbele, mwanga umepimwa kwa uso, basi. Kuna wazazi waliopata watoto wao kwa njia hiyo.

Sasa yaje majibu ya upande wa pili, kwa sababu yapo, na moja ni zito.

Wanasema kuandika jina ni kumweka mtu kwenye hatari. Ndani ya Kivu hilo si neno la kupuuza. Mtu aliyekimbia kijiji chake hataki jina na uso wake vizunguke pamoja. Wapo wanaotafutwa. Wapo wanawake ambao kuonekana kwao kunaweza kuwaletea kifo au aibu. Lakini hatari hiyo inataka mtu aulizwe, haitaki asiulizwe. Jina linaweza kuandikwa ndani ya daftari la mpiga foto na lisitokee popote. Linaweza kubaki na familia, nyuma ya foto ya karatasi, kwa kalamu. Na kama hatari ni kubwa hivyo, kwa nini uso wenyewe unatundikwa kwenye maonyesho? Wanaotaja usalama wa deplase wakati wa kuandika jina, mara nyingi hawakuutaja wakati wa kubonyeza kamera. Mama wa Minova hakuulizwa lolote. Alidhani yule mtu anapima nyumba ili ainunue.

Wanasema pia kwamba filamu ni ghali, dawa haipatikani, na mtu hawezi kugawa foto za karatasi kwa kila anayepita. Ni kweli filamu ni ghali. Lakini hiyo ndiyo sababu ya kuuliza! Filamu moja ya kamera ndogo ina foto 36. Ile ya upana mkubwa, katika kamera nyingi za mraba, ina 12. Mwenye simu anapiga mia tatu kabla ya kufika Nyawera na hawezi kuzungumza na wote. Mwenye foto 12 anaweza. Anazunguka nyumba, anasubiri wingu lipite, anasogeza miguu ya kamera, anapima, anapima tena. Dakika ishirini zimeisha. Kuuliza «Mama, unaitwa nani, na huyu kijana wako je?» kunachukua nusu dakika.

Wengine wanalalamika kwamba ukisimama na kamera muda mrefu mjini, mwenye silaha anafika kuuliza unampelelezea nani. Kila mwandishi wa habari wa Bukavu na Goma anajua hilo, na si jambo la kuchekesha. Lakini aliyepata muda wa kusubiri kivuli kifike chini ya mstari wa tatu wa saruji asije kusema kwamba hakuwa na muda.

Na hawa si wageni tu. Ingekuwa rahisi kumaliza kwa kulaumu Wazungu na kwenda kulala. Kuna vijana wa hapa, wa Ibanda na wa Himbi kule Goma, waliopata kamera za zamani za baba zao au waliozinunua zikiwa zimetumika, na wanazipenda kwa haki. Wanaosha filamu bafuni, ndani ya mji ambapo maji yanakuja usiku wa manane, na hata hivyo wanajitahidi kusuuza vizuri ili foto isigeuke njano. Wanastahili heshima. Lakini angalia wanachopiga: ngazi, kona, nguzo, na mtu mmoja anayepita mbali, mweusi kabisa, kama alama ya kuonyesha ukubwa wa mlango. Kule Goma, ambapo volkeno ya Nyiragongo iliteremsha moto hadi ziwani tarehe 17 mwezi wa kwanza 2002, wanapiga nyumba za mbao juu ya jiwe jeusi, na anga nyeupe nyuma. Anga inakidanganya kipimo, na mwenye nyumba anaungana na jiwe. Aliyejenga tena juu ya moto uliopoa, kwa mbao na misumari yake, hatambulikani na jirani yake.

Tatizo lingine la nyeusi na nyeupe ni kwamba inaficha tarehe. Foto ya leo inafanana na ya 1955. Kwa mtu wa maonyesho huo ni utamu. Kwa familia iliyohama mara nne ni hasara. Kambi za pembezoni mwa Goma, Bulengo, Lushagala, Kanyaruchinya, Rusayo, zilivunjwa mwanzoni mwa mwaka 2025, na watu wakaenda walikoweza. Mahali ambapo mahema yalisimama, foto ndiyo inayobaki kuwa ushahidi kwamba fulani alilala hapo na watoto wake. Foto isiyo na siku wala jina haishuhudii kitu. Ni mahema, na mawingu mazuri.

Hii ndiyo sababu filamu ingefaa watu hawa kuliko kitu kingine, kama wenye filamu wangetaka. Simu inaibiwa, inazama ziwani, inaanguka mikononi mwa mwenye silaha. Karte ya uchaguzi, ambayo ndani ya nchi hii ndiyo kitambulisho cha watu wengi, ile ya mwaka 2023 ilianza kufutika kabla hata mwenyewe hajaizoea. Foto ya nyeusi na nyeupe iliyochapwa kwenye karatasi yake, ikakaziwa na kusuuzwa sawasawa, inadumu kuliko mwenye uso. Familia zinazokimbia zinajua: ndani ya mfuko wa plastiki, pamoja na diploma na karatasi ya shamba, kuna foto ya harusi ya wazazi, imekunjwa pembe, na watu bado wanaonekana. Na negatifu ni kitu cha mkononi. Inawekwa ndani ya bahasha, inaandikwa tarehe, na baada ya miaka thelathini fundi anaweza kuchapa tena.

Mama wa Minova amekwenda kwa watu wa Msalaba Mwekundu wanaotafuta waliopotezana. Walimpokea vizuri, wakaandika jina la mtoto, umri, nguo aliyovaa, mahali alipoonwa mara ya mwisho. Walimwuliza kama ana foto. Akawaonyesha ile nyumba.

Lakini wapiga foto wa filamu huwa hawapigi mara moja tu. Mbele ya nyumba kama ile, kwenye mwanga kama ule, mtu anapiga mara mbili au tatu, anafungua kidogo, anafunga kidogo, kisha anachagua. Kwa hiyo kuna utepe wa negatifu mahali fulani, ndani ya bahasha, ndani ya sanduku, labda ndani ya mji wenye umeme wa saa zote, na juu yake kuna foto nyingine za ile asubuhi ambazo hazikuchaguliwa kwa sababu ukuta ulitoka mweupe mno. Ndani ya moja kati ya hizo huenda mtoto ana uso. Mwenye sanduku atajitambua akisoma haya. Aangalie foto iliyotangulia na ile iliyofuata.

Mtoto alivaa shati la shule na kandambili za rangi mbili tofauti, moja ya bluu, moja ya kijani. Ndani ya foto, rangi hizo hazionekani.